Kikosi cha Stars: tisa tunawapata, wawili wanatupiga chenga

Kwenye kibanda umiza kimoja cha Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuna kauntabuku linalokaa juu ya king'amuzi. Taifa Stars ikikaribia kucheza, kila anayetaka anafungua ukurasa, anaandika majina 11 na kuweka sahihi yake. Kalamu inafungwa kabla shirikisho la soka, TFF, halijatoa orodha rasmi. Orodha ikishatoka, mwenye kibanda anachukua kalamu nyekundu na kusahihisha kama mwalimu wa darasa la nne. Hapawekwi pesa. Anayeshinda ananunuliwa chai ya maziwa na chapati mbili kesho yake, na siku nzima anaheshimiwa.

Nimeandika humo tangu CHAN ya Agosti 2025, na kuna jambo ambalo kalamu nyekundu imetuonesha tena na tena. Karibu kila mtu anapata nane au tisa. Wanaopata kumi ni wachache. Kumi na mmoja wote ni tukio la kusimuliwa hadi Uyole. Na ajabu ni kwamba kijana wa bodaboda anayefuatilia kila mechi ya ligi, na mzee anayelala saa tatu usiku, mara nyingi wanalingana.

Kijana huyo hilo lilimuuma. Akamgeukia mwalimu mstaafu wa hesabu anayekaa nasi pale.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi naangalia mpira kila siku, wewe unasikiliza redio tu. Inakuwaje tunapata sawa?"

"Marahaba mwanangu. Macho yako hayana tatizo, tatizo ni hesabu. Lete daftari."

Alichotuchorea jioni ile ndicho msingi wa makala haya, na nitakieleza kwa urefu kwa sababu bila hicho mengine yote yanabaki kuwa ubishi wa kijiweni.

Chukua orodha ya wachezaji 23 walioandikishwa kwa mechi: makipa 3 na wachezaji wa ndani 20. Kocha anahitaji kipa mmoja na wa ndani 10. Kuna njia 184,756 za kuchagua watu 10 kati ya 20. Zidisha kwa makipa 3, unapata vikosi 554,268 tofauti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya. Maana yake ni kwamba kila mkazi wa jiji hili, pamoja na watoto wachanga, angeweza kuandika kikosi chake tofauti na cha jirani yake, na bado vikosi zaidi ya elfu kumi na mbili vingebaki bila mwenyewe.

Lakini hakuna anayeanza na laki tano na nusu. Kabla hata hujashika kalamu, unawajua wachezaji saba hivi ambao wakiwa wazima lazima waanze. Tuseme ni kipa na sita wa ndani. Zimebaki nafasi nne na wachezaji 14 wa kuzigombea, na hapo vikosi vinavyowezekana vimeshuka hadi 1,001. Kisha unajua kwamba beki wa kati hagombei nafasi ya winga. Kila nafasi kati ya hizo nne ina wagombea wawili wa kweli, labda namba saba huyu au yule, namba nane huyu au yule. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, vimebaki vikosi 16.

Tazama safari hiyo. Kutoka 554,268 hadi 16 ni kazi ambayo shabiki yeyote makini anaimaliza akiwa anakunywa chai. Kutoka 16 hadi kimoja ndipo jasho linapotoka, na ujuzi wa kuangalia ligi kila siku unasaidia kidogo tu hapo, kwa sababu wote wawili wanaogombea nafasi ni wazuri. Wangekuwa hawalingani, kusingekuwa na ugombezi.

Mwalimu akaweka uzito kwenye hesabu hiyo. Tuseme kwa kila mmoja wa wale saba una uhakika wa asilimia 98, na kwa kila nafasi kati ya zile nne zenye ugombezi una uhakika wa asilimia 60, yaani unamzidi kidogo tu mrusha shilingi. Kwa wastani utapata majina tisa na kidogo. Lakini nafasi ya kupata yote 11 kwa mpigo ni kama asilimia 11 tu, mara moja katika mechi tisa. Hata mtu mwenye uhakika wa asilimia 90 kwa kila jina, ambaye sijawahi kumwona, angepata 11 wote mara tatu tu katika kila mechi kumi hivi. Uhakika mdogo unaokosekana kwa kila jina unajikusanya, kama tone la bati linalojaza ndoo usiku.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda na Mwalimu wanapolingana kwa tisa, wote wamefanya kazi ileile rahisi. Tofauti yao ingeonekana kwenye zile nafasi nne, na huko ndiko nataka twende sasa.

Chujio la kwanza ni kambi, yaani nani anaweza kuwepo, na hapa watu hukosea kwa uvivu tu. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi ya nchi yao. Agosti 2025, mashindano yalipofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, Mbwana Samatta na Simon Msuva hawakuwa na njia ya kuingia kikosini, hata kama wangekuwa katika ubora wa maisha yao. Na bado majina yao yaliandikwa kwenye daftari letu. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, na kufuzu Kombe la Dunia ni habari nyingine, huko wote wanaruhusiwa.

Halafu kuna suala la siku. Dirisha la kawaida la FIFA huanza Jumatatu na kuisha Jumanne ya wiki inayofuata, siku tisa, na ndani yake timu inacheza mechi zisizozidi mbili. Mchezaji aliyecheza Ufaransa Jumapili jioni anapanda ndege Jumatatu na kuingia Dar es Salaam Jumanne. Mechi ikiwa Ijumaa, amefanya mazoezi na wenzake Jumatano, na Alhamisi ni mazoezi mepesi ya kuzoea uwanja. Yule wa Simba au Azam ameshalala kitandani kambini tangu Jumatatu. Ndiyo maana mechi ya kwanza ya dirisha na ya pili zinatakiwa kutabiriwa tofauti. Ya kwanza inawapendelea waliofika mapema, ya pili inawarudishia nafasi waliosafiri mbali. Wengi wanaandika kikosi kilekile mara mbili.

Na kuna nidhamu. Mwaka 2018, kabla ya mechi ya Septemba na Uganda kule Kampala, kocha Emmanuel Amunike aliwaondoa wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini. Siku hiyo utabiri wa nchi nzima uliharibika kabla mpira haujawekwa kati. Timu ilitoka sare ya 0-0, na Machi 2019 Stars ileile ikaifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mtabiri anapaswa kujua kocha wake ana msimamo gani kwenye mambo haya, kwa sababu kocha wa namna ya Amunike hatamwanzisha mchezaji nyota aliyefika jioni.

Majeraha na kadi sitayarefusha. Kadi mbili za njano katika mechi tofauti za mashindano zinamweka mchezaji nje ya mechi inayofuata, na hesabu hiyo mtu anaweza kuiweka mwenyewe kwenye karatasi. Asiyeiweka asilalamike.

Nafasi ya kipa ndiyo inayotufundisha zaidi. Kwa miaka mingi ilikuwa zawadi ya bure: unaandika Aishi Manula, unahamia namba mbili. Kisha ukaja wakati ambao watu walianza kukosea kuanzia jina la kwanza, na sababu ilikuwa kwenye ligi yetu wenyewe. Klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Msimu wa 2024/25 lango la Yanga lilikuwa na Djigui Diarra wa Mali, la Simba Moussa Camara wa Guinea, la Azam Mohamed Mustafa wa Sudan. Klabu tatu kubwa zote, makipa watatu wageni. Kipa wa Kitanzania mwenye kucheza kila wiki ulimkuta kwenye klabu ambazo shabiki wa kawaida hazifuatilii. CHAN ilipoanza, aliyesimama langoni alikuwa Yakoub Suleiman, aliyekuwa JKT Tanzania.

Hapo kijiweni kulikuwa na mshangao, ingawa haukustahili kuwepo. Kocha anamhitaji kipa aliyeguswa na mpira wa mechi Jumamosi iliyopita. Benchi la klabu kubwa halimpi hicho. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na nafasi nzuri kuliko wengi ya kuliona hilo, maana Prisons wanapocheza Uwanja wa Sokoine na timu zisizo na majina makubwa, tunaketi tunawatazama makipa hawa kwa dakika 90. Tunachofanya ni kuondoka uwanjani tukizungumzia bao tu.

Hali hiyo ipo pia kwa namba tisa. Klabu kubwa zinanunua washambuliaji kutoka nje, hivyo mshambuliaji wa kati Mtanzania mara nyingi anasukumwa pembeni au benchi. Clement Mzize aliyepambana hadi akapata nafasi Yanga ni mmoja wa wachache, na mabao yake mawili dhidi ya Madagascar kwenye CHAN yalituonesha thamani ya mtu aliyezoea kucheza katikati. Unapotabiri namba tisa ya Stars jiulize kwanza, nani kati yao amecheza namba hiyo klabuni mwezi huu? Siyo nani ana jina, wala nani alifunga mwaka juzi.

Sasa niingie kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: wachezaji hawachaguliwi mmoja mmoja. Wanachaguliwa kwa jozi, wakati mwingine kwa utatu.

Angalia katikati ya ulinzi. Ibrahim Hamad (Bacca) na Dickson Job wamecheza pamoja Yanga kwa misimu. Kocha mwenye mazoezi matatu kabla ya mechi anapata pale kitu ambacho hawezi kukifundisha kwa siku tatu: mmoja anajua mwenzake anarudi lini, anapanda lini, anapiga kelele gani. Ukimwandika mmoja, uwezekano wa mwingine unapanda. Mmoja akiumia, usikimbilie kuandika beki bora aliyebaki. Uliza ni nani aliyezoeana na yule mzima.

Pembeni vilevile. Beki wa kulia anayepanda sana kama Shomari Kapombe anahitaji kiungo wa kumfunikia mgongo. Kwenye CHAN alifunga bao la ushindi dhidi ya Mauritania dakika za mwishoni, na beki wa kulia hafungi bao la namna hiyo bila mtu kubaki nyuma kwa ajili yake. Ukimwandika Kapombe na Mohamed Hussein (Tshabalala) kushoto, wote wanapanda, basi namba sita wako, yaani kiungo mkabaji, hawezi kuwa mtu wa kupenda kwenda mbele. Majina mawili yamekuchagulia la tatu. Nimeona vikosi vingi kwenye daftari letu ambavyo kila jina peke yake ni sahihi, lakini ukiviweka uwanjani hakuna mtu wa kukaba.

Halafu kuna kiraka. Erasto Nyoni alikuwa kiraka wa Stars kwa miaka: beki wa kulia, beki wa kati, kiungo mkabaji, kokote alikotupwa alicheza. Novatus Miroshi ana asili hiyo, anaweza kukaa ulinzini na anaweza kukaa kiungo. Kiraka anavuruga hesabu za mtabiri kuliko mchezaji mwingine yeyote. Una uhakika atacheza, lakini hujui atacheza wapi, na kokote atakapokaa anamtoa mtu tofauti. Akikaa kiungo, beki fulani anaingia. Akikaa beki, kiungo fulani anaingia. Ile hesabu ya Mwalimu ya nafasi nne zenye watu wawiliwawili ilichukulia kwamba kila nafasi inajitegemea. Hazijitegemei. Kiraka mmoja akihama, majina mawili yanabadilika kwa pamoja, na ndiyo maana makosa kwenye daftari letu huja mawilimawili. Mtu kupata kumi ni nadra kuliko kupata tisa, na sababu kubwa ni hii: ukikosea mtu mmoja wa mfumo, umeshakosea na mwenzake.

Hivyo mstari ambao mtabiri anatakiwa kuuandika kabla ya jina lolote ni mfumo. Mabeki wanne au watatu wa kati? Viungo wakabaji wawili au mmoja? Kocha akiongeza beki wa tatu wa kati, mtu wa mbele ameondoka, na mara nyingi ni winga au namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji. Watu wanasema Feisal Salum ameachwa, kumbe kilichoachwa ni nafasi anayoicheza.

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi ndugu zangu. Wengi wetu hatutabiri, tunatamani. Shabiki wa Yanga anaandika Yanga sita, wa Simba anaandika Simba sita, na sisi wa huku tunamchomeka kijana yeyote aliyewahi kupita kwetu. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi, kila kijiwe kuanzia Soweto hadi Mafiati kilikuwa na mtu wake wa Stars. Deus Kaseke kweli alitoka hapo akaenda Yanga na akaichezea Stars. Wengine wengi tuliowaandika kwa mapenzi hawakuitwa. Wazee wa Rungwe wana historia ndefu zaidi, Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa nchi 1986, na ukikaa nao bado watakuambia Stars inakosa mtu wa Tukuyu. Nawapenda kwa hilo. Lakini kikosi cha moyoni kina ukurasa wake, na kikosi cha kocha kina ukurasa mwingine. Changanya kurasa hizo na kalamu nyekundu itakula jasho lako.

Unayemtabiri ni kocha. Kocha akibadilika, kila ulichojifunza kuhusu kikosi kilichopita kinapungua thamani, na Stars imetupa mifano miwili mikubwa.

AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, Stars ilifungwa 3-0 na Morocco tarehe 17, huku Novatus akitolewa kwa kadi nyekundu. Kabla ya mechi ya pili shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilimfungia kocha Adel Amrouche mechi nane kwa kauli zake kuhusu Morocco, na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, anayeitwa Morocco kwa jina la utani, akisaidiwa na Juma Mgunda. Tarehe 21 walikuwa uwanjani na Zambia. Siku nne, kocha mwingine, mchezaji mmoja amefungiwa kwa kadi. Mtu aliyenakili kikosi cha mechi ya kwanza alikuwa anamtabiri kocha ambaye hayupo. Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakasawazisha dakika ya 88, na mechi ya tatu na DR Congo ikaisha 0-0. Ukitazama sare hizo mbili unaona kocha aliyeanza na jambo moja: kuzuia kufungwa mapema.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON ya Morocco, Stars ilipewa Miguel Gamondi. Hapakuwa na mechi za kutosha za kumsoma akiwa na timu ya taifa. Lakini kulikuwa na kitu bora kuliko kubahatisha: alikuwa ameifundisha Yanga kuanzia 2023 hadi Novemba 2024, kisha Singida Black Stars. Wachezaji wa Yanga ya wakati ule alikuwa anawajua kwa miguu yao. Kocha mgeni kwenye timu, mwenye muda mfupi, hushika kwanza mikono anayoijua. Stars ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, sare nyingine ya 1-1 na Tunisia, na ikavuka makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake kabla ya kutolewa na Morocco kwa bao 1-0.

Kila kocha wa timu ya taifa, nadhani, huanza kupanga kikosi kwa kile anachokiogopa. Klabu ina mechi thelathini za kusahihisha makosa. Timu ya taifa ina mechi mbili, kisha watu wanatawanyika miezi miwili. Kwa hiyo ulinzi hauguswi ovyo, na majaribio hufanyika mbele. Tangu sheria ya kubadili wachezaji watano iwe ya kudumu mwaka 2022, kocha anaweza hata kumweka winga wake mkali benchi kwa makusudi, amwachie dakika 30 za mwisho beki akiwa amechoka. Ukichunguza makosa yetu kwenye daftari, mengi yako kwa winga, namba kumi na kiungo wa pili. Mabeki tunawapata.

Na anachokiogopa kocha kinategemea mpinzani. Kuanzia Novemba 2023 hadi Januari 2026 Stars imekutana na Morocco mara tano na kupoteza zote bila kupata bao. Dhidi ya timu ya namna hiyo usimwandike namba kumi wa kupendezesha mpira kabla hujahesabu wakabaji. Dhidi ya Zambia mambo ni tofauti. Juni 2024 Stars ilikwenda Ndola kwa ajili ya kufuzu Kombe la Dunia. Kwetu hiyo ni kama mechi ya jirani, ukivuka Tunduma uko Nakonde, na madereva wa malori walikuwa wanatuletea maneno ya mitaa ya Zambia kabla ya redio. Bao pekee la ushindi lilifungwa dakika ya tano na Waziri Junior, aliyekuwa klabu ya KMC. Mshambuliaji aliyefunga dakika ya tano ameanza, huyo hajatokea benchi. Ni wangapi walimwandika? Lakini alikuwa ametoka kwenye msimu wa mabao mengi katika ligi, na mechi ilikuwa ya ugenini, ya kupiga mpira nyuma ya mabeki na kukimbia. Dalili zilikuwepo. Tulikuwa tunatafuta majina makubwa.

Ratiba nayo ina sauti. Kwenye CHAN Stars ilicheza tarehe 2, 6 na 9 Agosti, mechi tatu ndani ya siku nane. Ikashinda zote na kufuzu robo fainali ikiwa imebaki mechi moja, ya tarehe 16 na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Timu iliyokwisha kufuzu haina kikosi cha kutabirika, kwa sababu kocha yuko huru kuliko siku zote: apumzishe, ajaribu, alinde wenye kadi. Mwalimu siku hiyo aliacha ukurasa wake mtupu, na nadhani alikuwa sahihi.

Yamebaki masaa 24 ya mwisho, ambayo yana kelele nyingi na habari kidogo. Mkutano wa kocha na waandishi siku moja kabla una thamani, lakini isikilize kwa sikio la pembeni. Kocha akisema "wachezaji wote wako fiti" hajasema kitu. Akianza kumsifia mchezaji kwa kujituma mazoezini, huyo mara nyingi anatulizwa kwa sababu ataanzia benchi. Mchezaji anayeketi pembeni ya kocha kwenye meza ile kwa kawaida anaanza. Picha za mazoezi zenye vizibao vya rangi mbili zinaweza kukuambia nani yuko na nani, ingawa makocha wajanja huchanganya rangi kamera zikiwepo.

Orodha inayosambaa kwenye simu saa sita mchana, yenye bendera na moto na maneno "kikosi kamili leo", iache. Kikosi rasmi kwa kawaida hutangazwa yapata saa moja kabla ya mpira. Mechi ikiwa saa 2 usiku, kilichotoka mchana ni utabiri wa mtu kama wewe, tofauti ni kwamba yeye hakuweka sahihi. Niliwahi kufuta jina langu sahihi na kuandika la orodha ya namna hiyo, na kalamu nyekundu ikanipitia. Hata orodha rasmi inaweza kuguswa: mchezaji akiumia akipasha misuli moto, sheria inaruhusu wa akiba aingie badala yake kabla ya mechi kuanza, na timu haipotezi nafasi yoyote ya kubadili.

Baada ya AFCON tulikaa pale kibandani, mvua ya Januari ikipiga bati, tukakubaliana kubadilisha daftari. Mwalimu ndiye aliyependekeza, na mwenye kibanda alibisha kwanza kwa kuwa kusahihisha kutakuwa kugumu. Kuanzia mechi ijayo ukurasa utakuwa na mstari wa juu wa mfumo, mabeki wangapi na viungo wangapi. Chini yake majina tisa kwa wino. Nafasi mbili zilizobaki zinaandikwa kwa penseli, kila moja na watu wawili, na mbele yao sababu moja fupi ya kwa nini kocha atamchukua wa kwanza. Mwenye sababu iliyotimia anapata chapati, hata kama jina la tisa limemponyoka. Kijana wa bodaboda ameshanunua penseli.